Fleti ya karibu, ya mbali au ya kushirikiana: ipi inambeba mzazi mwenye kipato kidogo?

Mzazi anayetafuta fleti huku mfuko umebana huanza na swali lilelile: kodi ni kiasi gani kwa mwezi? Ni swali la haki, ila halitoshi kuchagulia nyumba. Kodi ndiyo inayoandikwa kwenye tangazo, ndiyo anayoitaja dalali, na ndiyo ndugu na marafiki watakayokuuliza ukihamia. Nauli haiandikwi popote. Wala hakuna tangazo linalotaja saa ambazo mwanao atakaa mikononi mwa mtu mwingine wakati wewe bado uko njiani. Kwa asiye na mtoto, saa hizo ni uchovu tu. Kwa mzazi, ni bili.

Nalinganisha hapa aina tatu za nyumba ambazo mzazi wa kipato kidogo hujikuta akizipima: fleti ndogo iliyo karibu na kazi na shule lakini kodi yake inauma; fleti kubwa kidogo iliyo mbali, kodi yake nafuu; na fleti ya kushirikiana na mzazi mwingine. Hesabu sitaifanya kwa fedha ya nchi yoyote. Chukua kipato chako cha mwezi, kile kinachofika mkononi baada ya makato yote, ukiite mafungu 100. Ukikifahamu hicho, tarakimu zangu utazifuta na kuweka zako.

Kabla hujaandika 100 yako, swali moja: umehesabu nini humo? Kama mzazi mwenzako hutoa matunzo ya mtoto, yaingize tu iwapo yamekuwa yakifika kila mwezi bila kukumbushana. Yale yanayokuja mwezi huu na kuruka miwili yaweke kando kabisa. Yakija, yatafanya kazi. Yasipokuja, hayatakufukuzisha kwenye nyumba. Hali kadhalika saa za ziada kazini, posho za msimu na zile fedha za ndugu anayesema "usijali, nitakuwa nakusaidia".

Mfano wangu ni wa mzazi mmoja mwenye mtoto wa miaka 3 na mwingine wa miaka 8, anayefanya kazi siku 22 kwa mwezi. Mdogo anakaa kituo cha kulelea watoto au na yaya, mkubwa yuko shuleni na anahitaji mtu wa kumpokea. Tarakimu ni za mfano, lakini nimejaribu kuzipanga kwa uwiano ambao mzazi wa mjini ataufahamu.

| Gharama kwa mwezi | A: karibu | B: mbali | C: ya kushirikiana |
|---|---|---|---|
| Nafasi | chumba na sebule | vyumba viwili na sebule | vyumba viwili, sebule na jiko vya pamoja |
| Kodi | 42 | 28 | 30 |
| Nauli ya wote | 3 | 13 | 6 |
| Malezi ya watoto | 12 | 17 | 7 |
| Umeme, maji, taka | 6 | 8 | 6 |
| Jumla | 63 | 66 | 49 |
| Kinachobaki | 37 | 34 | 51 |
| Baada ya chakula (24) | 13 | 10 | 27 |

Tazama A na B. Kwenye tangazo, B ni nafuu kwa mafungu 14, na hiyo si tofauti ndogo. Lakini mwezi ukiisha, B imekula mafungu 3 zaidi ya A. Yale 14 yameliwa kimyakimya, na 3 juu yake: 10 yamekwenda kwenye nauli, 5 kwenye malezi, 2 kwenye umeme na maji ya nyumba kubwa zaidi.

Hiyo 17 ya malezi inahitaji maelezo, maana ndiyo safu ambayo wazazi wengi huijaza kwa kukisia. Tuseme kutoka A hadi kazini ni robo saa, na kutoka B ni saa moja na nusu. Tofauti ni saa moja na robo kwenda na saa moja na robo kurudi, jumla saa mbili na nusu kwa siku. Zidisha kwa siku 22 upate saa 55 kwa mwezi. Katika saa hizo 55 wewe hulipwi na mtu yeyote, lakini anayekaa na mwanao analipwa. Kwa kiwango kilekile cha A, malezi yangepanda kutoka 12 hadi 15 na kidogo. Nimeandika 17 kwa sababu saa za alfajiri na za baada ya jioni mara nyingi hutozwa zaidi kuliko za mchana, na foleni ikikushika unaongezewa ya kuchelewa.

Kwa hiyo nyumba ya mbali usiiulize tu "nauli ni ngapi". Iulize pia saa ngapi utafika mlangoni kwa mlezi, siku ambayo mambo yameharibika.

Kile kipimo cha theluthi

Utasikia ushauri kwamba kodi isizidi asilimia 30 ya kipato, au theluthi kwa wanaopenda hesabu nyepesi. Kwa kipimo hicho B na C zinapita, A inafeli. Na bado B ndiyo inayokuacha na kidogo kuliko zote. Kipimo kimeshindwa kuliona hilo kwa sababu kinatazama kodi peke yake.

Asili yake yenyewe inaeleza. Mwaka 1969 Bunge la Marekani liliweka ukomo wa kodi kwa wapangaji wa nyumba za umma: isizidi asilimia 25 ya kipato chao. Mwaka 1981 ukomo huo ukapandishwa hadi asilimia 30. Lilikuwa jambo la kisera, la nani alipe kiasi gani kwenye nyumba za serikali. Halikuwa jibu la swali lako, la mzazi huyu mwenye watoto hawa abakiwe na nini baada ya kulipa.

Kuna jambo la zamani zaidi linalomhusu mwenye kipato kidogo. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri familia inavyokuwa maskini, ndivyo chakula kinavyomeza sehemu kubwa ya matumizi yake. Miaka 11 baadaye, mwaka 1868, mtakwimu Hermann Schwabe akaliona jambo hilohilo kwenye kodi za Berlin: kipato kinaposhuka, sehemu inayokwenda kwenye kodi inapanda. Yaani chakula na kodi vinambana mtu mmoja kwa wakati mmoja, kutoka pande mbili. Mwenye kipato kikubwa akitoa 30 kwenye kodi, 70 inayobaki ni fedha nyingi. Wewe ukitoa 30, 70 yako huenda haifiki tarehe 20. Asilimia ni ileile, maisha ni mawili tofauti.

Ndiyo maana safu ninayoiamini ni ya mwisho kwenye jedwali, kinachobaki baada ya nyumba, njia, malezi na chakula. Humo ndimo zitatoka sare za shule, dawa, simu, viatu vilivyobana na deni la mwaka jana. Kwa familia ya watu watatu, 10 ni kidogo sana. Hata 13 si raha.

Lini B inashinda

Sitaki uondoke ukidhani nyumba ya mbali ni mtego siku zote. Kuna hali tatu ambapo ningeichagua.

Ya kwanza ni watoto wakishakuwa wakubwa wa kwenda na kurudi shule wenyewe. Futa safu ya malezi: jumla ya gharama za A inakuwa 51, ya B 49. Tofauti ni ndogo, lakini B inakupa chumba cha ziada, na kijana wa miaka 13 anakihitaji chumba hicho kuliko wewe unavyofikiri.

Ya pili ni kazi ya kufanyia nyumbani. Nauli ya B inashuka hadi kama 4, ya kumpeleka mkubwa shule, na ya A hadi kama 1. Malezi yanarudi 12 kwa sababu saa za njiani zimekufa. B inakuwa 52, A 61. Hapo hakuna mjadala.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo ni kipato kisicho na uhakika. Mwenye kibarua, mwenye biashara ndogo, mwenye kazi ya zamu zinazokatwa bila taarifa, huyo asilinganishe nyumba kwa mwezi wa kawaida. Afungue kumbukumbu za miezi 12 iliyopita, atafute mwezi mbaya kuliko yote, alinganishe kwa huo. Tuseme kazi imeshuka nusu na kipato kimekuwa 50. Kodi haishuki. Umeme na maji havishuki kwa maana. Lakini nauli na malezi vinashuka nusu, kwa kuwa siku usizokwenda kazini unakaa na watoto mwenyewe. A inadai 55 na nusu. Umeshaingia deni la 5 na nusu kabla hujanunua chakula. B inadai 51, deni la 1. C inadai 42 na nusu, na inakuachia 7 na nusu.

Kwa hiyo ileile B iliyoshindwa kwa 3 mwezi mzuri, imeshinda kwa 4 na nusu mwezi mbaya. Sababu ni kwamba gharama za A zimefungwa ndani ya kodi, na kodi haina huruma na mwezi wako, ilhali za B zimelala kwenye vitu unavyoweza kuvipunguza ukikwama. Kituo cha watoto kikikudai ada kamili hata siku ambazo mtoto hakwenda, nafuu hiyo inapungua, ila B bado iko mbele kwa 2. Uliza hilo kituoni mapema, kabla ya kusaini chochote.

Mwenye mshahara wa tarehe inayojulikana na watoto wadogo, basi: A kabla ya B. Mwenye kipato cha kupanda na kushuka: B kabla ya A. Huo ndio mstari ninaouchora mimi kati ya hizo mbili, na sidhani ukubwa wa sebule unaweza kuufuta.

Vyumba vingapi vinatosha

Hapa wazazi hujihukumu bure. A ni chumba na sebule kwa watu watatu. Je, ni kuwaonea watoto? Inategemea unapimwa na nani. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, huhesabu nyumba kuwa na nafasi ya kutosha kama watu wanaotumia chumba kimoja hawazidi watatu. Kwa kipimo hicho mko salama. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, ina kipimo kikali zaidi: chumba kimoja cha kaya nzima, kimoja cha wenza au cha kila mtu mzima asiye na mwenza, kimoja kwa watoto wawili walio chini ya miaka 12. Kwa hicho mnahitaji vitatu na mna viwili, kwa hiyo mmebanana.

Mimi ningeshika kitu kimoja kutoka kipimo cha pili, ule umri wa miaka 12. Kuanzia hapo hadi 17, Eurostat inakubali chumba kimoja kwa wawili wa jinsia moja tu. Wa jinsia tofauti kila mmoja na chake. Basi usitazame umri wa watoto leo. Tazama umri watakaokuwa nao mkataba unapoisha. Mtoto wa miaka 8 na wa 3 wanaweza kulala chumba kimoja miaka kadhaa bila tatizo, na mzazi akageuza sebule kuwa chumba chake usiku. Mwenye watoto wa miaka 11 na 13, mvulana na msichana, akiingia A kwa mkataba mrefu atahama kabla haujaisha, na kuhama kuna gharama.

C: namba nzuri, masharti mengi

Ukitazama jedwali tu, C imeshinda kwa mbali. Inakuachia 27 pale A inapokuachia 13. Ukiilinganisha na B, nafuu kubwa haitoki hata kwenye kodi, inatoka kwenye malezi. Wazazi wawili wenye zamu tofauti hupokezana watoto: mmoja akiwa kazini mwingine yupo. Lakini soma hapo vizuri, "zamu tofauti". Mkiwa wote mnatoka asubuhi na kurudi jioni, malezi ya C yatakuwa sawa na ya nyumba nyingine yoyote, na hiyo 7 yako itageuka 12 au zaidi. Ulizaneni ratiba kabla ya kuulizana tabia.

Kuna jambo kubwa zaidi. Fleti hii ya mfano ina vyumba vitatu na kodi yake kamili ni 54. Wewe unachukua vyumba viwili na kulipa 30, mwenzako anachukua kimoja na mwanawe, analipa 24. Mwenzako akipata kazi mji mwingine, akarudiana na mtu wake, au akagombana na wewe, mwezi unaofuata 54 yote iko mlangoni kwako. Ni zaidi ya kodi ya A, ile uliyoikimbia. Na kama mmesaini mkataba mmoja kwa pamoja, mwenye nyumba huenda ana haki ya kudai kodi nzima kwa yeyote kati yenu. Njia bora ni kila mmoja kuwa na mkataba wake na mwenye nyumba kwa vyumba vyake. Akikataa, andikeni makubaliano yenu wawili: anayeondoka atoe taarifa ya muda gani, alipe hadi lini, amana yake arudishiwe na nani.

Kugawana kuna namna mbili kuu, na ugomvi mwingi hutoka kwenye kuchanganya. Kodi igawanywe kwa nafasi: mwenye vyumba vingi au chumba kikubwa alipe zaidi. Maji na umeme vigawanywe kwa vichwa: ninyi watatu, wao wawili, bili inakatwa sehemu tano, wewe tatu na mwenzako mbili. Ukidai bili igawanywe nusu kwa nusu ilhali una watoto wawili na yeye mmoja, atakubali miezi ya mwanzo kwa aibu. Baadaye ataanza kuzima taa unazoacha zikiwaka.

Na malezi ya kupokezana yaandikwe pia. Nani anampokea nani, siku zipi, na mtoto akiumwa nani anakaa nyumbani. Saa zisipolingana, anayelea zaidi apunguziwe kodi. Inasikika kama ukavu kati ya watu wanaopendana, lakini ni afadhali ukavu huo kuliko mtu kuhesabu moyoni.

Kisha lipo ambalo halina tarakimu: nani anaingia humo ndani. Wageni wa mwenzako, ndugu zake, mchumba wake, wote watakuwa karibu na watoto wako ukiwa kazini. Mtu usiyemfahamu vizuri, hata akikupunguzia kodi hadi 20, mimi singeingia. Ningeikubali C na mtu ambaye watoto wake na wangu wameshakaa pamoja mara nyingi, nikaona jinsi anavyowakemea akichoka.

Gharama za siku ya kwanza

Amana, malipo ya dalali na gari la kuhamisha vitu ndivyo vinavyomwingiza mtu kwenye mkopo kabla hata hajalala usiku mmoja. Kodi ya mwezi wa kwanza isikusumbue kwenye ulinganisho, imeshahesabiwa kwenye jedwali. Tazama amana na kuhama. Kama amana ni kodi ya mwezi mmoja, A inadai 42 na kama 8 ya kuhama: 50. B inadai 28 na kama 12, kwa kuwa ni mbali: 40. Ukikopa na kurudisha kwa miezi 12, bila kuhesabu riba, A inakuongezea kama 4 kwa mwezi, B kama 3. Ile faida ya A ya mafungu 3 sasa imebaki 2 kwa mwaka wa kwanza.

Amana lakini ni fedha yako, inarudi ukiondoka vizuri. Ili irudi, piga picha siku unayokabidhiwa funguo: kuta zote, sakafu, vioo, sinki, nyuma ya milango, na mita zikionyesha tarakimu zake. Zitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo ili ziwe na tarehe kwake pia. Na usione haya kuomba kulipa amana kwa awamu mbili au tatu. Wengine hukataa, wengine hukubali kwa sababu fleti imekaa tupu na wanataka mtu.

Vitu vinavyobadilisha tarakimu ukishaingia

Bili zilizomo ndani ya kodi dhidi ya bili za nje: mwenye watoto wadogo nguo zinafuliwa kila siku, na maji yaliyomo ndani ya kodi ni nafuu ya kweli kwake. Mwenye nyumba naye anajua hivyo, kwa hiyo soma kama kuna ukomo wa matumizi. Mita ya pamoja ya fleti kadhaa iepuke, ama sivyo utalipia pasi na friji za majirani.

Mkataba wa mwaka dhidi ya mwezi kwa mwezi: wa mwaka unakufungia kodi isipande, jambo zuri kwa mwenye bajeti ya kubana, mradi uwe na kipengele cha kutoka mapema kwa taarifa. Mtoto katikati ya mwaka wa shule asilazimike kuhamishwa kwa sababu mwenye nyumba amepandisha kodi.

Fleti yenye samani dhidi ya tupu: kwa mzazi, tupu. Mtoto wa miaka 3 na kochi la mtu mwingine havikai pamoja, na kila doa litakatwa kwenye amana.

Unapokwenda kuikagua, usiende saa ambayo dalali ana nafasi. Nenda asubuhi, saa ambayo utakuwa unatoka, na ikiwezekana na mtoto mdogo, mtembee hadi kituo cha basi kwa mwendo wake yeye. Ndani, funga mabomba yote, kisha simama mbele ya mita ya maji dakika chache. Kigurudumu chake kikiendelea kuzunguka hali hakuna bomba lililo wazi, maji yanavuja mahali, na bili ya uvujaji huo itaandikwa jina lako. Sogeza kabati au kitanda kilicho ukutani kama kipo, unuse. Ukuta wenye ukungu uliopakwa rangi juzi unanuka unyevu hata ukiwa mweupe, na kwa mtoto mwenye pumu nyumba hiyo itakurudisha hospitali kila mara. Fleti ya ghorofa ya nne bila lifti inaweza kuwa nafuu kweli. Ipande kwanza ukiwa umembeba mtoto na mfuko wa vitu, ndipo useme.

Ile ya nne: kubaki ulipo

Watu huilinganisha A na B na C wakasahau nyumba wanayolala sasa. Iweke kwenye jedwali kama safu ya nne, kwa gharama zake zote, kisha tafuta tofauti kati yake na ile bora uliyoipata. Tofauti hiyo ndiyo itakayolipa gharama za kuhama zisizorudi: gari, dalali, kufuli, pazia, siku ulizokosa kazini. Kama nyumba mpya inakuokolea mafungu 2 kwa mwezi na kuhama kunakula 12, miezi sita ya kwanza unahamia bure. Ikiwa inakuokolea 10, mwezi wa pili umeshaanza kupumua.

Na kabla hujafunga mizigo, zungumza na mwenye nyumba wako. Mpangaji anayelipa kwa wakati ana uzito, maana fleti ikikaa tupu mwezi mmoja mwenye nyumba amepoteza kodi ya mwezi mzima. Nenda na hoja moja tu kati ya hizi: kodi isipande mwaka huu ukisaini tena, au tarehe ya kulipa isogezwe iwe baada ya siku ya mshahara wako, au akurekebishie bomba linalokupandishia bili. Hiyo ya tarehe ndiyo rahisi kwake kuikubali, kwa kuwa haimgharimu chochote. Kwako ina thamani yake: kodi inayodaiwa siku tano kabla ya mshahara ndiyo inayokupeleka kukopa kila mwezi, na riba ya mkopo huo mdogo haipo kwenye safu yoyote ya jedwali lako.